Nyumba kubwa ya zamani Lubumbashi, miezi 14 haijapata mnunuzi: tuanze wapi?

Mtoto_wa_Barza:

Jambo bandugu. Tunaomba mawazo ya wanaoijua kazi hii.

Nyumba iko commune ya Lubumbashi, mji wa zamani, ya miaka ya 1950. Matofali mekundu, vyumba 6 vya kulala, barza (veranda) ndefu mbele, plafoni (dari) za juu, karo (vigae vya sakafu) za zamani za sima yenye rangi, na nyuma boyeri (nyumba ndogo ya wafanyakazi) ya vyumba 3. Paseli (kiwanja) ni mita 40 kwa 50, yaani ares 20 (mita mraba 2,000). Nyumba kubwa imeezekwa kwa tole (mabati), boyeri kwa Eternit (shiti za sima). Sertifika (hati ya ardhi) ipo, ya konsesio perpetuelle (haki ya ardhi isiyo na mwisho), kwa jina la baba ambaye ni marehemu. Mama yupo. Watoto tuko 7, wawili wako Ulaya.

Tulianza na dola 450,000, sasa tuko 380,000. Komisioneri (madalali) sita wanaitembeza. Watu wanakuja, wanasifu barza, wanaenda, kimya. Wawili walifika mpaka kwa avoka (wakili) wao, kisha simu zikazimwa.

Nusu ya familia inataka tupake rangi na kubadilisha tole zote. Nusu nyingine inataka tushuke mpaka 300,000. Nani ana haki?

Klerki_wa_Zamani:

Hakuna mwenye haki. Hao wawili waliofika kwa avoka walikuwa na pesa na nyumba walishaipenda. Walichokimbia ni karatasi. Sertifika yenye jina la marehemu haiuzi kitu, kwa sababu hakuna mtu aliye hai anayeweza kutia sahihi kwa jina lile mbele ya konservateri (msimamizi wa hati za ardhi). Komisioneri hawatawaambia hivyo. Kazi yao ni kutembeza watu.

Anzeni na mama. Ikiwa wazazi walioana bila kuchagua utaratibu mwingine wa mali, na nyumba ilinunuliwa ndani ya ndoa, sheria inaihesabu kama mali waliyochuma pamoja. Nusu ni ya mama hata kabla urithi haujatajwa. Kinachorithiwa ni nusu ya baba peke yake. Katika hiyo, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu, wote sawasawa, msichana kwa mvulana. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu wa marehemu. Hapo kwenye neno la mwisho ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Baba wadogo na mashangazi wenu wana fungu, dogo lakini la kisheria. Mkiuza kana kwamba hawapo, mnawapa sababu ya kwenda tribunal (mahakamani), na avoka wa mnunuzi analijua hilo kabla yenu.

Kwa bei ya 360,000, tuseme, nusu ya mama ni 180,000. Watoto wanapata 135,000, yaani kama 19,285 kwa kila mmoja. Kundi la pili linabaki na 45,000. Hayo ni kabla ya kodi, madeni na komisio. Ipigeni hesabu hiyo kwenye karatasi moja, kila mtu aione, kabla ya mnunuzi yeyote kuingia tena getini. Mtu anayedhani atapokea 50,000 ndiye anayekataa kila bei.

Baada ya hapo kuna mkutano wa familia na proses-verbali (kumbukumbu ya maandishi) yake, majina yote ndani, pamoja na upande wa baba. Likidateri (msimamizi) wa urithi, kama hakuna wosia, ni mrithi mkubwa kwa umri. Akikataa, warithi wanamchagua mwingine. Tribunal imthibitishe. Wa Ulaya wasitume sauti za WhatsApp. Watume prokirasio (hati ya uwakilishi) maalumu iliyothibitishwa, inayotaja namba ya sertifika, volume na folio (kitabu na ukurasa wake), na bei ya chini wanayokubali. Prokirasio ya jumla, "amfanyie mambo yangu yote", ofisi inaweza kuikataa, na hata ikiipokea mnunuzi mwangalifu ataiogopa.

Halafu mutasio (kubadilisha jina) ya urithi, sertifika itoke kwa majina ya warithi. Ndipo mnauza.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ni nyumba ya bei ya juu. Konsesio perpetuelle ni ya mtu binafsi Mkongomani tu. Kampuni haiwezi kuishika, hata kama wenye kampuni ni Wakongomani, na mgeni hawezi pia. Wakinunua wao, haki inageuzwa kuwa konsesio ordineri (ya kawaida), ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Wanunuzi wa nyumba za vyumba 6 mjini mara nyingi ni haohao: kampuni za madini, wafanyabiashara wageni, kliniki, shule. Mwambieni mnunuzi mapema. Akiligundua kwa avoka wake ataona mlimficha, na bei itaanza upya.

Fundi_Kampemba:

Karatasi sawa, lakini nyumba nayo isiachwe ioze wakati mnangoja tribunal. Msibadilishe tole zote. Mnunuzi wa nyumba kama hii atabomoa au atatengeneza kwa ladha yake. Pesa ya paa jipya hairudi. Tengenezeni vitu vinavyomtia mtu hofu, basi.

Cha kwanza kwetu Katanga ni mchwa. Ingia juu ya plafoni na turnevisi (bisibisi) na tochi. Dunga mbao inayolala juu ya ukuta, ile inayobeba sharpante (mbao za paa), hasa chini ya mahali paa linapovuja na nyuma ya jiko. Turnevisi ikiingia sentimita moja bila nguvu, kipande hicho kimekwisha, hata kama nje kinang'aa kwa vernisi. Kata kipande kibovu, unga kingine kilichotiwa dawa, mpishano usipungue sentimita 60, boliti mbili kila upande. Kisha nje, chimba mfereji kando ya fondasio (msingi), upana sentimita 15, kina 30, mwaga dawa ya mchwa (fipronil au bifenthrin) iliyochanganywa kama karatasi ya kopo inavyosema, lita 5 kwa kila mita, na udongo unaourudisha uuchanganye na dawa. Kisima kikiwa karibu, hapo usimwage. Vile vimifereji vya udongo ukutani, usivikwangue siku mnunuzi anapokuja. Alama inabaki na inaonekana kama unaficha. Tia dawa, ngoja wiki mbili, angalia kama wamevijenga tena, ndipo ukwangue.

Cha pili ni unyevu wa chini ya kuta. Nyumba nyingi za wakati ule zilijengwa kwa tofali laini na chokaa, baadaye mtu akapiga lipu ya sima nzito juu yake. Maji yanapanda kutoka ardhini, hayapati pa kutokea, rangi inachubuka kwenye mita moja ya chini. Ukipaka rangi ya mafuta hapo unafunga kifuniko. Baada ya mvua tatu inavimba kama chapati. Bomoa lipu ile mpaka mita 1 kutoka chini, acha ukuta ukauke kiangazi chote, kuanzia Mei, kisha piga lipu ya sima 1, chokaa 2, mchanga 9. Rangi juu iwe ya maji. Na angalia nje: mara nyingi udongo wa maua umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ukishusha udongo huo sentimita 20 na kuelekeza maji ya paa mbali na ukuta, nusu ya kazi imeisha bila sima.

Eternit ya boyeri: za zamani zina amianti (asbestosi). Ikiwa nzima, iacheni, msiisugue kwa brashi kavu wala kuiosha kwa maji ya nguvu. Ikiwa imevunjika na lazima itoke, ilowesheni, fungueni misumari, mshushe shiti nzima nzima bila kuzivunja, maski ya P3 (ya kuchuja vumbi laini) usoni, kisha zifungwe kwenye plastiki nzito. Kitambaa cha puani si maski.

Umeme: ukiona waya zenye gome la mpira na kitambaa, na fyuzi za udongo mweupe, badilisha hizo, si lazima umeme wa nyumba nzima. Weka tablo (boksi la fyuzi) mpya yenye disjonkteri diferensieli (swichi inayokata umeme ukivuja) ya mA 30, terre (waya wa ardhini) ya kweli, na karatasi ya mtu aliyepima. Mnunuzi anataka kujua kwamba haitaungua. Taa za kupendeza atanunua mwenyewe.

Karo za zamani msiziguse. Msizifunike na karo za China. Zisafisheni kwa maji na sabuni laini, bila asidi. Kitu pekee ambacho nyumba mpya za mtaa wa Golf hazina ndicho hicho.

Mama_Bei:

Komisioneri sita ni watano wa ziada. Kila mmoja anaweka "juu" yake (faida yake), kwa hiyo nyumba hiyohiyo inazunguka mjini kwa 380, kwa 410, kwa 450. Mnunuzi anaisikia kwa bei tatu ndani ya wiki moja na anajua hapa kuna fujo ya familia. Chukueni mmoja, muda wa miezi 3, komisio iandikwe kwa asilimia na ilipwe baada ya pesa kufika benki, si siku ya mkutano. Na sertifika ya asili haitoki kwenye kabati. Komisioneri apewe fotokopi iliyopigwa mstari mkubwa juu na neno "kopi".

Kushuka mpaka 300 si bei, ni uchovu. Jiulizeni kwanza mnauza nyumba au mnauza ares 20. Mtu wa familia hataki ares 20, hawezi kulipa walinzi wa uwanja wa mpira. Mtu wa kujenga magorofa anataka ares 20 lakini nyumba kwake ni gharama ya kubomoa. Ninyi mnamngoja mtu mmoja anayetaka vyote viwili kwa bei ya vyote viwili.

Mkigawa: lango la upande, njia ya mita 4 kwa 30, nyuma kipande cha 40 kwa 20. Nyuma inakuwa mita mraba 920 pamoja na njia yake, nyumba inabaki na 36 kwa 30, yaani 1,080. Lakini msikimbilie geometa (mpima ardhi) kabla ya urithi kuandikwa, maana mtapata namba mpya za kadasta (daftari la viwanja) juu ya jina la marehemu.

Fundi_Kampemba:

Mama, hapo ndipo watu wanapoumia. Fose septike (tangi la maji machafu) ya nyumba hizi iko nyuma, kati ya jiko na boyeri. Ukikata kipande cha nyuma, fose ya nyumba kubwa inakuwa ya jirani. Ufungueni mfuniko kwanza, mpime ilipo. Ikiangukia upande wa pili, fose mpya na shimo la kupotezea maji vijengwe mbele kabla ya kuuza nyuma, na bomba la REGIDESO (kampuni ya maji) lifuatwe kwa jembe mpaka kompteri (mita). Mabomba ya chuma ya wakati ule yanapita popote.

Mtoto_wa_Barza:

Aksanti sana wakubwa. Maswali mawili. Baba wadogo ni wawili, wapo Likasi. Mmoja aliandika kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa barabarani PASELI HII HAIUZISHWE. Tuliipaka chokaa mara mbili. Na kuna mtu tayari ameniambia atalipa 340,000 taslimu, mkononi, wiki hii, "karatasi tutamalizia".

Klerki_wa_Zamani:

Chokaa ikilowa inakuwa kama kioo. Kila mvua ikinyesha maandishi yanasomeka vizuri. Msiipake mara ya tatu. Nendeni Likasi na ile karatasi ya hesabu, muwape baba wadogo viti kwenye mkutano wa familia, watie sahihi. Kisha yeye mwenyewe aliyeandika akwangue, na fundi apige lipu mahali pale. Wakati huohuo mwombeni konservateri taarifa ya kitabu kwa maandishi: kama kuna hipoteki, kama kuna opozisio (pingamizi) yoyote kwenye folio yenu. Maandishi ya ukutani hayana nguvu ofisini, lakini mwenye kuandika ukutani mara nyingine ameandika na ofisini.

Huyo wa taslimu mwambieni hapana. Malipo ya pesa mkononi kuanzia dola 10,000 yamekatazwa na sheria ya kupambana na usafishaji wa pesa. Lazima yapite benki. Na "karatasi tutamalizia" maana yake ataingia kwa akonti (malipo ya awali), atakaa, na kutoka hatatoka. Mtu akiishakuwa ndani, bei ya kumtoa mtailipa ninyi.

Mama_Bei:

Mwambieni kama yupo kweli atarudi sertifika ikitoka. Na mkiwa mnangoja, lipeni bili za SNEL (umeme) na REGIDESO na kodi ya nyumba ya DRHKAT (ofisi ya mapato ya jimbo), risiti zote kwenye folda moja. Nyumba isikae tupu: mlinzi na familia yake kwenye boyeri, kwa mkataba wa kazi ulioandikwa, si kwa "kaa tu hapa". Mkataba useme atatoka siku ngapi baada ya mauzo.

Mtoto_wa_Barza:

Mlinzi yuko pale miaka 11. Bila karatasi.

Klerki_wa_Zamani:

Basi yeye ndiye wa Jumatatu, kabla ya Likasi.