Fundi kafungua injini nzima ya Canter bila kupima chochote, ugonjwa ulikuwa mpira wa dizeli!

Wakuu, nimevumilia miezi minne, leo nasema.

Nina Canter ya marehemu baba, injini 4D32, ilisimama uani karibu miaka miwili. Nikajibana nikapata milioni moja na laki mbili niiamshe, ianze kubeba mchanga na matofali. Nikaivuta mpaka gereji moja Tabata. Fundi kapiga stata mara tatu, injini inazunguka vizuri ila haiwaki, na kwenye ekzosi hakuna moshi hata kidogo. Akanigeukia: "Bosi, kompresheni imeisha hii. Ni ovaholi tu." Yaani silinda hazigandamizi hewa tena, injini ifunguliwe yote.

Hakupima. Hata geji hakuwa nayo! Dizeli ikizunguka bila kutoa moshi wowote, kitu cha kwanza kushuku ni kwamba mafuta hayafiki kwenye silinda. Ingekuwa ringi za pistoni zimechoka na kompresheni imeshuka, mara nyingi ungeona moshi mweupe wa dizeli isiyoungua. Haya nimeyajua nikiwa nimeshatoa laki tisa.

Wiki iliyofuata nakuta hedi iko chini, pistoni kwenye ndoo, boliti zote kopo moja la rangi. Kepu za koni rodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, kazichanganya bila alama, wakati kila kepu ina rodi yake na haibadilishwi! Nauliza spea, "zinakuja bosi". Miezi mitatu zinakuja!

Nikaikodishia gari nikaihamishia kwa mzee mmoja fundi pampu. Akanionyesha mwenyewe: slivu (kuta za silinda) bado zina mistari ya kiwandani, ringi nzima, beringi saizi ileile ya mwanzo. Injini haikuwa na ugonjwa wa kufunguliwa. Mpira unaotoka kwenye tenki ulikuwa umepasuka chini ya klipu, unavuta upepo, na filta imejaa tope. Mpira na filta havikufika elfu hamsini!

Kinachoniuma zaidi ni nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Baba alifunga mpya nne kabla hajaugua, risiti ninayo. Zilizorudi siyo zile. Zilipowekwa kwenye mashine ya kupimia, mbili zinadondosha matone badala ya kunyunyiza. Nozeli ya hivyo inaweza kutoboa pistoni.

Gasketi, kupima na kuchonga hedi, nozeli mbili na ufundi: laki nane na nusu nyingine, nimekopa kikoba. Jumamosi mzee kapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, stata moja tu, ikawaka. Nililia, kwa sababu ingewaka hivyohivyo siku ya kwanza.

Mwenye lori lililolala muda mrefu, usikubali mtu aguse boliti za hedi kabla hajamwaga dizeli ya zamani, kubadili filta, kukagua mipira, kutoa upepo na kupima kompresheni mbele yako. Na nozeli ziwekee alama kabla hujaondoka.

Mimi zangu nazitaka. Aliyewahi kudai spea zake gereji akazipata, alianzia serikali ya mtaa au polisi?