Ushauri: Niwaonyeshe wanafunzi filamu ya Vuta n'Kuvute kabla hawajamaliza kusoma riwaya?

Mwl_Fasihi (mleta uzi)

Wakuu habari za humu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, shule ya bweni kanda ya ziwa. Riwaya tuliyo nayo muhula huu ni Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, na usomaji wa darasani unanikosesha usingizi. Wengi wananunua zile notisi za uchambuzi stationery, wanakariri dhamira na majina ya wahusika, basi, kazi imekwisha. Ukimuuliza mwanafunzi kuhusu Mwajuma, rafiki wa mhusika mkuu Yasmin, kwamba ni mtu wa namna gani, anakupa mstari wa notisi. Ukimwambia akuonyeshe kwenye kitabu ni wapi ameliona hilo, kimya.

Shule imepata projekta, na mwalimu wa taaluma ameshauri tuwaonyeshe filamu ya Amil Shivji, ile ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hii. Anasema watoto wa sasa wanaelewa kwa kuona, kwa saa moja na nusu tu watakuwa wameishika hadithi yote, halafu mimi nimalizie uchambuzi. Mkuu wa idara yangu amekataa katakata. Kwake yeye hakuna filamu iliyowahi kuizidi riwaya yake, na mwanafunzi akishaiona sura ya Yasmin ukutani hatahangaika tena kuitafuta kwenye kurasa.

Hapo kwenye "hakuna iliyowahi" mimi na mkuu wangu tunatofautiana. Nimesoma The Godfather ya Mario Puzo ya mwaka 1969 na nimeitazama filamu ya Coppola ya 1972, na sioni aibu kusema filamu imekizidi kitabu. Lakini kutetea filamu kijiweni ni jambo moja, kuamua watoto wa watu wasomeje kuelekea mtihani wa taifa ni jambo jingine.

Naomba mnisaidie mawili: je, Vuta n'Kuvute ni katika zile ambazo filamu inaweza kuizidi riwaya? Na nikiamua kuionyesha, iwe kabla ya kusoma au baada?

Nawasilisha.

KibandaUmiza

Mwalimu, mkuu wako wa idara mtafutie The Shawshank Redemption.

Mimi nimekulia Mbagala, muvi tunatazama kibandani DJ anatafsiri juu kwa juu. Hiyo niliiona hivyo hivyo, na ni ukubwani ndipo nikajua imetokana na hadithi ya Stephen King iliyochapishwa 1982 kwenye mkusanyo wa Different Seasons. Nikaitafuta nikaisoma yote. Hadithi nzuri, lakini Frank Darabont mwaka 1994 aliifikisha mbali zaidi.

Kitabuni wakuu wa gereza wanapokezana, anaondoka huyu anakuja yule. Filamu imewaunganisha wakawa mtu mmoja, Norton, kwa hiyo hasira zako zote zinajua pa kwenda. Yule kijana Tommy, mwenye habari ya kumsafisha Andy, mfungwa asiye na hatia, kitabuni anahamishiwa gereza jingine. Kwenye filamu anaitwa nje usiku anapigwa risasi. Tukio hilo moja linakwambia kwamba njia ya haki imefungwa, kilichobaki ni kutoroka. Halafu Red, mfungwa anayesimulia, kitabuni ni mzungu mwenye asili ya Ireland na nywele nyekundu. Nani leo anaweza kumsoma Red bila kumsikia Morgan Freeman?

Waonyeshe filamu, mwalimu. Atakayependa atafuata kitabu, kama nilivyofuata mimi.

Mnyalu

@KibandaUmiza nakubali yote isipokuwa mwisho. Kitabu kinamwacha Red yuko njiani, hajui kama atavuka mpaka salama, anatumaini tu. Filamu ikaona haitoshi, ikatupeleka hadi ufukweni tuwaone wanakutana. Mimi mwisho wa King unanikaa zaidi, maana umeniacha nami nitumaini pamoja na Red.

Kuhusu The Godfather, mleta uzi uko sahihi, na sababu yake ni nzuri kuijua kwa sababu inajibu swali lako. Puzo alijaza kitabu kile vitu vingi ambavyo havisukumi hadithi: sura nzima za Johnny Fontane na maisha yake ya Hollywood, habari za Lucy Mancini na upasuaji wake. Coppola aliketi na Puzo huyo huyo kuandika mswada wa filamu, sehemu kubwa ya hayo wakaipunguza au kuiacha kabisa, ikabaki hadithi ya baba, mkuu wa genge la mafia, na wanawe. Na mswada huo ukawapa Oscar wote wawili. Halafu ile sehemu ya ubatizo: Michael, mwana aliyemrithi baba yake, amesimama kanisani anamkana shetani kwa niaba ya mtoto wa dada yake, na hapo hapo tunaonyeshwa watu wake wakiua mmoja baada ya mwingine. Mambo hayo kitabuni yamekaa mbalimbali. Kuyasuka pamoja ni kazi ya mkasi wa filamu, na hakuna aya inayoweza kukufanyia vile, kwa sababu aya inasomwa moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo angalia nguvu ya riwaya iko wapi. Kama iko kwenye kisa, mtu mwenye jicho zuri anaweza kukichukua akakiboresha. Kama iko kwenye ulimi wa mwandishi, filamu itahangaika sana.

Msahihishaji

Mwl_Fasihi, mimi nimesahihisha karatasi za fasihi, kwa hiyo nitakuzungumzia upande huo.

Fungua ukurasa wa kwanza wa Vuta n'Kuvute. Shafi anaanza na uso wa Yasmin: mdogo, wa duara, anaufananisha na tungule (nyanya), na macho makubwa yanayoonekana kila wakati kama yanalengwalengwa na machozi. Kabla hujajua lolote kuhusu binti huyu umeshapewa udogo wake na huzuni yake, na umepewa kwa tashbiha iliyotoka sokoni Unguja. Sasa mwigizaji anaweza kuwa na uso mzuri wa duara na akaigiza vizuri sana. Tungule haitaonekana. Mwanafunzi aliyetazama filamu tu, akiulizwa matumizi ya lugha, ataandika kwamba "mwandishi ametumia lugha nyepesi inayoeleweka", sentensi ambayo nimeisoma hadi inanitoa machozi, kisha atatafuta mfano na hatakuwa nao.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Wanaotazama bila kusoma wanakuletea matukio ya filamu kama ushahidi wa riwaya. Msahihishaji ana kitabu, hana filamu. Tukio kama halimo kitabuni, mtoto hapati kitu, hata angelieleza kwa ufasaha wa namna gani.

Ushauri wangu: wasome kwanza, wote, hadi mwisho.

Kaka wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Hili la Msahihishaji sisi huku Kenya tunalijua vizuri. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni wakiigiza vitabu teule, wanafunzi hulipa kidogo, ukumbi hujaa, na siku hiyo shule nzima huchangamka. Nimewahi kuandamana na wanafunzi wangu kuangalia tamthilia tuliyokuwa tukiisoma. Kikundi kiliongeza vichekesho vyao, mhusika mmoja mkali wakamfanya mlevi wa kuchekesha watu. Kwenye insha za wiki iliyofuata, ulevi huo ulikuwa umejaa tele, na tamthilia yenyewe haina mlevi hata mmoja!

Hata hivyo singekataza. Wale waliokuwa wamesoma walitoka ukumbini wakibishana: "mbona wameliacha lile", "huyu hakusema hivyo". Ubishi ule ulinifaa kuliko vipindi vyangu vingi vya uhakiki. Wasiosoma hawakuwa na la kubishia.

Bint Ng'ambo

Assalaam alaykum. Nimesoma yote, na naona mnazungumza kana kwamba kitabu kinajitosheleza kwa kila msomaji. Mimi ni mtu wa Unguja. Riwaya ile nimeisoma skuli, na nilipokuwa naisoma mazungumzo yake nilikuwa nayasikia kwa sauti za shangazi zangu. Mtoto wa kanda ya ziwa atayasikia kwa sauti gani? Kwake yeye Ng'ambo, mitaa yetu ya mjini Unguja, ni jina tu kwenye karatasi.

Hapo ndipo filamu imenigusa sana. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab hasa, na akifungua kinywa unajua kwa nini Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza mtu mzima, ameona afadhali ya kule kuliko nyumba ya mume. Kitabu kinaweza kukwambia watu walikwenda ngomani wakafurahi. Muziki wenyewe hakiwezi kukupa. Vichochoro, mwanga wa chemli, namna watu wanavyokaa barazani, vyote vimo mle, na ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yumo.

Kilichopotea nacho nitakitaja, maana kimeniuma. Kitabuni Yasmin anabadilika polepole. Anaona haya, anaogopa, anazoea, anaanza kuuliza, na siasa za Denge, mpenzi wake mpigania uhuru, na wenzake zinamwingia kidogo kidogo, hakuna siku moja unayoweza kusema ni hapa alipogeuka. Filamu haina muda huo. Imelazimika kuchagua, ikayashika mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na mapambano yao na serikali ya kikoloni, na mengi ya kitabuni yameachwa.

Kwa hiyo mwalimu, mimi ningewaonyesha dakika kumi au kumi na tano za mwanzo, wasikie lafudhi na waone mahali, kisha ningezima nikawapa kitabu. Nyengine waione wakishamaliza.

Bukavu

Ndugu mwalimu, uniruhusu nilete mfano wa Ousmane Sembène wa Senegal, kwa sababu yeye alikuwa mwandishi na mtengeneza filamu kwa wakati mmoja. Sisi huku tulimsoma kwa Kifaransa shuleni.

Sembène alikuwa ameshatoa riwaya kadhaa zenye heshima. Lakini aliziandika kwa Kifaransa, na watu aliowaandikia, makuli wa bandarini, akina mama wa sokoni, hawakuweza kuzisoma. Akaenda Moscow kujifunza filamu. Mwaka 1966 alichapisha Le Mandat, kisa cha Ibrahima Dieng anayetumiwa hawala ya pesa na mpwa wake kutoka Paris na kushindwa kuichukua kwa sababu hana kitambulisho. Kila ofisi inamtuma ofisi nyingine, na kila jirani anakuja kukopa pesa ambazo bado hazijafika. Mwaka 1968 akakifanya filamu, Mandabi, watu wanazungumza Kiwolofu. Ukinisoma mimi, filamu ile imekizidi kitabu, kwa sababu Dieng hatimaye anasema kwa lugha yake, na Dieng wenzake wanamsikia.

Sasa tazama kisa chenu. Adam Shafi ameandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Lile pengo ambalo Sembène alilivuka kwa filamu, ninyi hamna. Wanafunzi wako wanaweza kukisoma kitabu kwa lugha ile ile ya Mwajuma. Ni bahati kubwa hiyo, usiwaache waipite.

KibandaUmiza

@Bukavu hii ya Sembène sikuijua, ahsante mkuu. Ila umenipa nguvu bila kutaka. Kusoma anajua kila mwanafunzi wa kidato cha sita. Kupenda kusoma ni habari nyingine, na hapo filamu ina kazi ya kufanya.

Mnyalu

Sikatai, lakini kuna filamu zinazofunga mlango badala ya kuufungua. Half of a Yellow Sun ya Chimamanda Adichie: kitabu cha 2006 kinakwenda mbele na kurudi nyuma, miaka ya mwanzo ya sitini na miaka ya vita vya Biafra huko Nigeria, na sehemu kubwa tunaona kwa macho ya Ugwu, kijana wa kazi. Filamu ya 2013 ya Biyi Bandele ikanyoosha kila kitu kwa mpangilio wa miaka, na Ugwu akasogezwa pembeni. Waigizaji wakubwa, picha safi, lakini anayeanza na filamu ataona ni hadithi ya mabwana na mabibi wasomi, na hatajua kwamba kitabu kilikuwa cha yule kijana aliyewapikia.

Mleta uzi, kabla hujawaonyesha, itazame mwenyewe hadi mwisho kitabu kikiwa mkononi. Kuna mapenzi mle, na wewe ndiye utakayejibu kwa wazazi. Na kibali kiombe kwa wenyewe waliotengeneza. Usiwaonyeshe kopi ya kuokota.

Mwl_Fasihi (mleta uzi)

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichokiomba.

Nimekaa na mkuu wa idara leo mchana nikamsomea hoja ya tungule na hoja ya taarab. Kwa tungule alitabasamu, kwa taarab alinyamaza, kisha akakubali hivi: dakika za mwanzo kama alivyosema Bint Ng'ambo, ziwe wiki hii. Kisha wiki nne za kusoma, kila mmoja na nakala yake au wawili wawili, notisi za stationery zibaki bwenini. Wakimaliza, filamu nzima Jumamosi. Baada ya hapo kazi ya kuandika: kila mwanafunzi achague jambo moja ambalo filamu imelifanya vizuri kuliko Shafi na jambo moja ambalo imeshindwa, yote kwa ushahidi wa ukurasa.

Kwa swali langu la kwanza, bado naamini filamu inaweza kuizidi riwaya. Vuta n'Kuvute sidhani. Ile lugha imeshikana mno na watu wake.

Msahihishaji

Mpango umekaa vizuri. Ongeza kitu kimoja: kwenye ile kazi, mtu akitaja tukio la filamu alipigie mstari chini, la kitabu asipige. Atazoea kuvitenganisha kabla hajafika chumba cha mtihani.

Bint Ng'ambo

Na siku ya Jumamosi, mwalimu wangu, usiisimamishe filamu kila dakika kuwauliza maswali. Iache iende.