Kwa nini dawa huisha vituoni ilhali bohari kuu inazo?

Msimamizi wa Stoo:
Ndugu zangu wafamasia na watu wa ugavi, naomba ushauri. Kituo chetu huagiza dawa bohari kuu ya serikali kila baada ya miezi mitatu, na kiasi cha oda tunakipata kwa kuzidisha wastani wa matumizi ya mwezi kwa idadi ya miezi ya akiba, kisha kutoa salio lililopo. Fomu zinafika kwa wakati, lakini amoksilini ya watoto na vidonge vya shinikizo la damu huisha kabla ya shehena inayofuata, huku dawa nyingine zikikaribia tarehe ya mwisho wa matumizi bila kuguswa. Je, kasoro iko kwenye maoteo yetu, yaani makadirio ya mahitaji, kwenye ununuzi wa taifa, au kwenye usambazaji? Mgonjwa wa shinikizo la damu hawezi kusubiri robo mwaka nyingine.

Mfamasia:
Ndugu, anza na leja yako, lile daftari la dawa zinazoingia na kutoka, uhesabu siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Wastani wa matumizi huonyesha kilichotolewa, hauonyeshi kilichohitajika. Tuseme dawa imetolewa vidonge 1,200 katika siku 90, lakini kwa siku 30 kati ya hizo haikuwapo kabisa. Ukigawa kwa miezi mitatu unapata vidonge 400 kwa mwezi. Ukigawa kwa zile siku 60 ambazo dawa ilikuwapo, kisha ukazidisha kwa 30, unapata 600. Kituo kinachoagiza kwa kufuata 400 kitaishiwa tena, leja itaonyesha tena matumizi madogo, na takwimu hizo pungufu zikijumlishwa kutoka vituo vyote ndizo zitakazotumika kuamua nchi nzima inunue kiasi gani. Ndiyo maana naona kosa hili ni baya kuliko kuchelewa kwa lori: lori lililochelewa hufika hatimaye, lakini hitaji ambalo halikuandikwa popote halinunuliwi na mtu yeyote.

Angalia pia majira. Wastani wa miezi ya kiangazi hautoshi kuagizia dawa za malaria za msimu wa mvua.

Afisa Ununuzi:
Naunga mkono marekebisho hayo, ila maoteo sahihi yasiyo na fedha hayafikishi dawa kwa mgonjwa. Bohari ya umma inapovikopesha vituo dawa na madeni yakakaa muda mrefu, nayo hushindwa kuwalipa wazabuni, na mzabuni aliyecheleweshewa malipo ama hupandisha bei katika zabuni inayofuata, ama haombi kabisa. Tukumbuke pia kwamba kati ya kutangaza zabuni na kupokea mzigo kuna tathmini, mkataba, utengenezaji, usafirishaji na ukaguzi wa ubora, hatua ambazo kwa pamoja huweza kula miezi mingi. Kwa sababu hiyo napendelea mikataba ya muda mrefu inayokubaliana bei mapema na kuruhusu kuagiza kwa awamu. Kwa dawa za kuokoa maisha, ni busara kuwagawia kazi wazabuni wawili hata kama bei itapanda kidogo, ili kiwanda kimoja kikisimama, taifa zima lisikose dawa.

Jambo jingine ni orodha. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, hoja imekuwa ni ileile: taifa lichague dawa chache zilizothibitishwa kufaa, na lizinunue kwa majina yake ya kitaalamu badala ya majina ya kibiashara, ili fedha ndogo iliyopo itosheleze watu wengi zaidi.

Msimamizi wa Stoo:
Nashukuru sana, nitaipitia leja upya. Na zile dawa zinazokaribia kuisha muda? Nyingi hatukuziagiza, zilikuja katika makasha yaliyofungashwa tayari.

Mratibu wa Usambazaji:
Makasha ya aina hiyo husaidia wakati wa dharura, au pale ambapo kituo hakina kumbukumbu za kutegemea, kwa kuwa aliye mbali ndiye anayekadiria hitaji. Kituo chenye leja nzuri kama chenu kinastahili kuagiza chenyewe, na ningemwandikia mfamasia wa wilaya kuomba hivyo. Kwa sasa, mpelekee orodha ya dawa zote zilizobakiza miezi sita au pungufu, ikionyesha kiasi na namba ya toleo, ili zihamishiwe kituo chenye wagonjwa wengi zaidi kabla hazijawa taka za kuteketeza. Rafuni, itangulie kutoka ile inayotangulia kuisha muda, hata kama ilipokelewa jana.

Mkihamisha oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu, isafirishwe na kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Chupa iliyokaa kwenye joto haionyeshi dalili yoyote kwa macho, lakini nguvu yake hupungua, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua ndiye anayepata madhara. Kipimajoto kisomwe na kuandikwa mzigo unapoondoka na unapofika, na anayepokea asisaini kabla ya kukiangalia.