Lisbon siku 3, watu 4: tulale Alfama au Baixa? Lisboa Card au tiketi za kawaida?

Pwani_Kaskazini:
Wakuu, salaam. Tuko marafiki 4. Tunaingia Lisbon Jumapili mchana, tunaondoka Alhamisi asubuhi. Tunataka kuona mitaa ya Alfama na Belém, na mji wa Sintra nje ya jiji. Tuna nyumba mbili mezani: moja Alfama, ghorofa ya 3, bei nafuu, nyingine Baixa karibu na Rossio, imezidi kidogo. Je, Lisboa Card (kadi ya watalii ya usafiri na viingilio) ya saa 72 inalipa?

MzeeWaRamani:
Mtoa mada, chukueni Baixa. Sababu ni mizigo. Alfama iko mlimani, na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliiacha sehemu kubwa imesimama, ndiyo maana vichochoro vyake ni vilevile vya zamani: ngazi, kona, na mahali pengine watu wawili wanapishana kwa shida. Teksi mara nyingi inawashusha chini, mnabeba wenyewe. Baixa ilibomoka, waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, akasimamia ujenzi mpya wa mitaa iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka viunzi vya mbao ili nyumba ikitikiswa isiporomoke. Hapo ni tambarare na metro iko jirani. Kutoka uwanja wa ndege pandeni laini nyekundu hadi Alameda, mbadilishe laini ya kijani, mshuke Rossio.

Kokote mtakakochagua, ulizeni kama kuna lifti. Ureno ghorofa ya chini haihesabiwi, kwa hiyo ya 3 ni ngazi za ghorofa tatu kamili. Halafu kuna kodi ya jiji ya euro 4 kwa kila mtu kwa usiku: watu 4 kwa usiku 4 ni euro 64, na mara nyingi haimo kwenye bei mnayoiona mtandaoni.

BintiKilindini:
Naomba kutofautiana kidogo na mzee. Kama kila mmoja ana begi la mgongoni tu, Alfama ina raha yake, hasa alfajiri kabla watalii hawajapanda. Ila viatu viwe vya soli ya mpira. Njia zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni, hasa kwenye miteremko.

HesabuZaSafari:
Kuhusu kadi, msinunue ya saa 72. Nitaeleza.

Jumatatu monasteri ya Jerónimos, ile ya Belém, imefungwa. Makundi mengi yanaharibikiwa hapo: kadi inaanza kula saa zake siku ambayo haina kazi nayo. Jumatatu nendeni ngome ya São Jorge na Alfama. Basi 737 kutoka Praça da Figueira linawafikisha juu, mkateremka kwa miguu. Siku hiyo inatosha tiketi ya saa 24 ya metro, basi na tramu, karibu euro 7 kwa mtu.

Jumanne ni Belém, tramu 15E. Kiingilio cha ua wa matao wa Jerónimos ni euro 18, kwa hiyo pamoja na usafiri mmeshafika 25. Linganisheni na bei ya Lisboa Card ya saa 24 wiki hiyo. Inahesabu saa, haihesabu tarehe. Mkianza kuitumia Jumanne saa 4 asubuhi, Jumatano kabla ya saa 4 bado inawapakia treni ya Rossio kwenda Sintra, mwendo wa dakika kama 40. Kurudi mtalipa wenyewe. Basi 434 la kupanda mlimani Sintra haliingii kwenye kadi.

Kosa jingine: kadi ya navegante ya senti 50, ile ya kupakia tiketi za usafiri, ni ya mtu mmoja. Huwezi kuigonga mara nne ili wenzako wapite. Na ukiwa umeweka tiketi ya siku, usijaribu kuchanganya na salio la fedha. Nunua kadi ya pili.

BintiKilindini:
Hapo Belém, kanisa lenyewe halina kiingilio na foleni yake ni tofauti na ya ua. Ukiingia, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, limechongwa jahazi na kamba za mawe. Sisi wa pwani tusimame hapo kwa utulivu. Huyu ndiye aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, na monasteri yenyewe ilijengwa kwa sehemu ya ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, takriban asilimia 5. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilifuata 1593.

Pwani_Kaskazini:
Asanteni sana, tunachukua Baixa. Vipi tramu 28, na jumba la Pena kule Sintra?

MzeeWaRamani:
28 ni behewa dogo lenye viti kama 20. Pandeni Martim Moniz kabla ya saa 2 asubuhi, au mwanzie upande wa pili, Campo de Ourique. Ikijaa, vibaka wanafanya kazi mlangoni wakati wa kupanda, kwa hiyo simu na pochi viwe mbele, zipu imefungwa.

HesabuZaSafari:
Pena nunueni tiketi mapema. Saa iliyoandikwa ni ya mlango wa jumba, si ya geti la bustani, na kati ya hapo kuna mpando wa karibu nusu saa kwa miguu. Tiketi ya saa 5 kamili maana yake getini muwe mmefika saa 4 na nusu. Mkichelewa hamuingii ndani, na fedha hairudi.