Mrejesho: Asili ya jina Kigongo

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mliojibu nilipouliza asili ya jina la marehemu babu yangu, Kigongo. Nilifuata ushauri wa kuwauliza wazee wa ukoo kama babu alifuatwa na mapacha, na shangazi yangu wa Masaka, huku akimenya matoke, alinitajia bila kusita baba zake wadogo, Wasswa na Kato, ambayo ni majina ya mapacha wa kiume. Mlisema kweli: kwa Waganda, yaani watu wa Buganda nchini Uganda, Kigongo ni mtoto anayetangulia mapacha, na kwa kuwa hakuna ajuaye mapema kwamba watazaliwa, jina hilo humjia baadaye, wazazi wake wanapoanza kuitwa Ssalongo na Nnalongo, yaani baba na mama wa mapacha. Daftari la ubatizo halikunisaidia, kwani lina jina lake la Kikristo tu. Jina alilopewa kwanza bado nalitafuta.