Eti "kaanga mahamri, bajeti tuachie sisi"? Leo sinyamazi

Nimetoka matangani sasa hivi, hata buibui sijavua, mikono inanitetemeka. Makosa ya kuandika mnisamehe. Ni mbunge wetu, jina simtaji, mnamjua. Ni yule ambaye tumbo hutangulia kufika dakika tano kabla ya mwenyewe, na ahadi zake ukizipanga barabarani kuanzia Likoni zitakufikisha Lamu na nyingine zibaki.

Nilimuuliza swali moja. Moja! "Mheshimiwa, tarehe 25 Juni 2024 ulibonyeza NDIYO kwenye Mswada wa Fedha, ule wa kodi. Ulibonyeza kwa ajili ya nani?" Sikumtukana, sikumpazia sauti. Nilikuwa nimetoka jikoni kuwapikia wafiwa, leso imejaa unga. Akaitazama ile leso, akacheka, akaivuta maiki karibu na mdomo kabisa, akasema: "Mama, wewe kaanga mahamri. Bajeti tuachie sisi."

Kwa maiki! Mbele ya wajane, mbele ya sheikh, mbele ya mkwe wangu!

Mimi nimekaanga mahamri miaka kumi na minane. Saa tisa usiku niko macho nakanda. Najua mtungi wa lita 20 wa mafuta unanitolea siku ngapi, najua unga ukipanda napunguza donge kiasi gani ili mteja asigutuke. Hiyo si bajeti? Mswada ule ulipoingia Bungeni ulikuja na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Karai langu lilikuwa Bungeni kabla yangu, halafu naambiwa nisiulize!

Kura zilikuwa 195 za ndiyo, 106 za la, na 3 zikaharibika. Yeye yumo kwenye 195. Orodha ilifika kwenye simu zetu usiku uleule, na mjukuu wangu alinisomea jina kwa jina. Nje ya Bunge vijana walipigwa risasi, wabunge wakatolewa kwa njia ya chini ya ardhi. Kesho yake Rais Ruto akasema hautii sahihi. Mswada umekimbiwa na mwenyewe aliyeutaka, na huyu wetu mpaka leo hajawahi kusimama akasema "nilikosea, jamani."

Na miswada aliyoleta yeye mwenyewe tangu 2022? Mjukuu katafuta kwenye Hansadi, kumbukumbu za Bunge, mpaka simu ikazima. Hakuna hata mmoja! Akisimama Bungeni ni kuunga mkono wenzake na kusalimia wageni walioko kwenye roshani.

Halafu akatoa bahasha ya elfu hamsini, akaitangaza kwa maiki ileile. Elfu hamsini leo, jana harambee ya laki, juzi tisheti na leso za kampeni (yangu ilichuja rangi fuo la kwanza). Zinatoka wapi? Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ipo tangu 2013. Wabunge wakaisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017, na 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoleta kanuni zake wakazikataa. Kwa hivyo nani alimlipia zile lori za spika hatujui, na siku ya kubonyeza hatujui anambonyezea nani. Ndiyo maana nilimuuliza. Na jibu ni kaanga mahamri!

Kwa maiki!!

*

Mchomamishkaki: Pole mama. Lakini bahasha mliirudisha?

BintiKisauni: 😂😂 Mchomamishkaki una roho mbaya wewe. Swali zuri lakini.

MwenyeUzi: Bahasha ni ya wafiwa, si yangu. Mimi nataka aniombe radhi palepale aliponivunjia heshima, na kwa maiki.

Wakili_wa_Baraza: Dada, tuwe wakweli. Ushuru wa mafuta na VAT ya mkate viliondolewa tarehe 18 Juni, wiki moja kabla ya kura ya mwisho. Siku anabonyeza, karai lako halikuwemo.

MwenyeUzi: Najua. Viliondolewa na nani? Na watoto walioingia barabarani, au na yeye? Mpaka tarehe 17 yeye alikuwa anausifu tu. Na yaliyobaki je? Mimi sili mahamri peke yake, kaka yangu. Na hata kama karai halikuwemo, mtu mzima ajibiwe hivyo?

Babu_Mtwapa: Kumjibu mwanamke mtu mzima hivyo matangani ni utovu wa adabu. Yaliyobaki ni siasa.

KuliWaKilindini: Wewe wako alau alibonyeza. Jumlisha hizo kura, ni 304. Wabunge ni 349. Wangu hayumo kwenye ndiyo, hayumo kwenye la, hata kwenye zilizoharibika hayumo! Tukamtafuta siku mbili. Alipoibuka akasema "nilikuwa na nyinyi kiroho."

BintiKisauni: Kiroho 😭😭😭 huyo namjua

KuliWaKilindini: Kila mwaka Mzalendo, wale wanaofuatilia kazi za Bunge, wakitoa ripoti ya wabunge mabubu mimi natafuta jina lake kama natafuta matokeo ya mtihani wa mtoto.

Mchomamishkaki: Nyote mlimchagua kwa tisheti. Vumilieni mpaka 2027.

MamaRehema: Mimi kura na miswada sina haja navyo. Wangu ananikalia na basari. Fomu nimejaza mara tatu, mara ya tatu naambiwa jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mtoto wa mwenyekiti wa kamati yuko chuo, anakula basari na kazi anayo.

Babu_Mtwapa: Basari ni hela ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya majimbo, na Mahakama Kuu Septemba 2024 ilisema sheria yake inakiuka katiba. Ulizeni mtasomeshaje baada ya hapo.

MamaRehema: Babu, nimekwambia hata sasa sipati, unanitisha na nini?

Mbongo_wa_Tanga: Majirani mna bahati, mnapata orodha ya majina! Huku kwetu mswada ukipita ni sauti tu. Ndiyoooo, spika anasema waliosema ndiyo wameshinda, kwisha. Utamshika nani?

Wakili_wa_Baraza: Hata huku sauti ndiyo kawaida. Kura ya majina hupigwa wakitaka kuhesabiana.

Mbongo_wa_Tanga: Sawa wakili. Ila mama, hayo mahamri ni kama maandazi yetu?

BintiKisauni: USIANZE.

KuliWaKilindini: Andazi na hamri wapi na wapi? Hamri lina tui na iliki, likiiva linavimba, ndani wazi kama mfuko.

Mbongo_wa_Tanga: Andazi la Tanga nalo lina iliki.

MamaRehema: Iliki peke yake haitoshi. Tui liko wapi?

MwenyeUzi: Jamani, nimetukanwa kwa maiki.

Mchomamishkaki: Tumeona mama, pole. Unatia hamira au baking powder?

MwenyeUzi: Hamira.

Babu_Mtwapa: Hapo sawa. Na mbaazi za nazi pembeni, si chai kavu.

Mbongo_wa_Tanga: Sisi tunakula na maharage.

KuliWaKilindini: Maharage?? Admin toa huyu.