Mjadala: Kompyuta za chumba chetu cha masomo, Langoni, ziwashwe kwa GRUB au kwa systemd-boot?

Mleta hoja: Assalaam alaykum. Kompyuta zetu kumi na mbili hapa Lamu zinahamishiwa Linux, nami napendekeza tuiache GRUB, programu ya kuwashia mfumo, tutumie systemd-boot, ya kazi hiyohiyo. Kwa systemd-boot, kila kerneli (kiini cha Linux) ina faili fupi lenye mistari michache, yaani jina, mahali pa kerneli, mahali pa initrd (faili la kusaidia mwanzo wa kuwaka) na vigezo vyake, ambalo kijana yeyote atalisoma na kulirekebisha, ilhali grub.cfg, faili la mipangilio la GRUB, huzalishwa na programu, mistari chungu nzima, na juu yake pameandikwa onyo kwamba lisihaririwe. Tena hitilafu ya kiusalama ya BootHole, iliyotangazwa mwaka 2020, ilitokana na jinsi GRUB inavyolisoma faili hilohilo.

Jibu: Wa alaykum salaam, mwalimu. Wepesi nimeuona, lakini mashine umezikagua? Tano ni za BIOS ya kale, programu ya ndani inayoiamsha mashine, na systemd-boot haiwaki pasipo UEFI, mrithi wake. Lililo zito zaidi ni umeme. systemd-boot huitaka kerneli ikae kwenye sehemu ya diski ambayo kwa kawaida ni ya FAT, mpangilio wa kuhifadhi faili usio na shajara (kumbukumbu ya yanayoandikwa) ya kuilinda kama ext4, mpangilio wa Linux ambao GRUB huusoma moja kwa moja. Juzi nilikuwa nikisasisha ile ya dirishani, kerneli mpya inanakiliwa, taa zikazima. Umeme uliporudi, menyu ilitokea vizuri kabisa. Nikachagua jina la juu, skrini ikabaki nyeusi. Kerneli ya zamani, mstari wa pili, ndiyo iliyotustiri.

Mleta hoja: La BIOS nimelikubali, sikuzikagua. La umeme silikubali lote, kwa kuwa hata GRUB kwenye UEFI huanzia katika FAT, ingawa, nakiri, sehemu yake hiyo haiandikwi kila kerneli inapobadilika. Basi saba ziwe na systemd-boot, tano zibaki na GRUB.

Jibu: Mwalimu, niwie radhi, hapo ndipo unapouua wepesi wako mwenyewe, maana vijana watajifunza njia mbili badala ya moja, na siku mashine itakapogoma, haupo, wataanza kwa kuulizana hii ni ya kundi gani. Hata rEFInd, programu nyingine ya kuwashia, iliyo nzuri kwa kuzitafuta kerneli yenyewe, haitutoi hapo, kwani nayo haiziwashi hizo tano. Mimi nasema GRUB kwa zote, na kerneli ya zamani isifutwe kamwe kabla mpya haijawaka.